Kila anayehema ni pumu tu? Koo hamliangalii!

Madaktari wetu, hii tabia imezidi. Mtu anafika anahema, anaandikiwa pumu. Salbutamoli, dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, haimsaidii, anaongezewa. Bado, anapewa prednisoloni, vidonge vya steroidi, mara ya tatu, ya nne, mpaka uso unavimba na sukari inapanda. Koo lake hakuna aliyelitazama!

Nyuzi za sauti hutakiwa kufunguka tunapovuta hewa. Kwa baadhi ya hawa mnaowaandikia pumu, zinajifunga, na tatizo ni hilo la koo. Madaktari wa Denver, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 5 wa aina hii mwaka 1983, kwa hiyo msituambie ni ugonjwa mpya.

Pumu hubana zaidi wakati wa kutoa pumzi, mluzi uko kifuani. Huyu wa koo hubanwa akivuta, na sauti inasikika zaidi shingoni. Stetoskopu mnayo, iwekeni hapo! Muulizeni panapobana: wengi hugusa koo. Huja ghafla, huondoka ghafla, na oksijeni mara nyingi inasoma vizuri.

Kwenye kipimo cha kupuliza, kinachochora grafu ya hewa ikitoka na kuingia, ndiyo aibu kabisa. Mgonjwa anaambiwa atoe pumzi tu, nusu ya grafu inakosekana. Avute tena kwa nguvu mpaka mwisho! Mkunjo wa chini, ule wa kuvuta hewa, ukiwa bapa, shukuni koo. Ila ukipima akiwa hajabanwa, grafu inaweza kuwa safi kabisa, na tatizo lipo.

Uhakika ni kamera nyembamba inayopitishwa puani kutazama koo, dalili zikiwepo. Anayebanwa akikimbia, akimbizwe kwanza. Kumpima ametulia kwenye kiti kisha kuandika "koo kawaida" ni kula hela yake bure. Na kumwambia "ni wasiwasi tu, dada" ndiyo mbaya zaidi.

Tiba kuu ni mazoezi kwa mtaalamu wa sauti na matamshi: mabega chini, ulimi ulegee, nusa hewa kwa pua mara mbili fupi, kisha itoe taratibu kwa "sss". Yafanywe kila siku akiwa mzima, maana akibanwa hatakumbuka kitu asichokizoea. Tindikali inayopanda kooni na mafua ya kudumu navyo vitibiwe.

Mnaosoma hapa, msitupe inhela (pampu ya pumu) leo: wapo wenye pumu na hili pamoja. Prednisoloni iliyomezwa zaidi ya wiki 3 hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Midomo ikivimba, au sauti ya shingoni isipokoma hata mtu akipumzika, hayo si ya mazoezi. Kimbieni hospitali.