Yule wa duka la vifaa vya ujenzi leo kanidhalilisha mbele za watu

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, na si kwa uchovu wa kukwangua ukuta. Ni hasira.

Mnamjua. Mtu yeyote wa Mtwara mjini aliyewahi kununua hata msumari mmoja anamjua, simtaji. Yule anayekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, tepu shingoni, na hajawahi kupima kitu chochote tangu dunia iumbwe.

Nimeingia kununua msasa, brashi ya inchi 4 na mfuko wa chokaa. Basi. Sikuomba mkopo, sikuomba anibebee. Akaniangalia kuanzia kanga mpaka ndala, akauliza fundi wangu nani. Nikamjibu sina fundi, napaka mwenyewe. Hapo ndipo akawageukia wateja wote akapaza sauti: "Jamani, huyu dada anapaka nyumba mwenyewe! Mwanaume wako yuko wapi?"

Akacheka. Kacheka mpaka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wakaulizana kuna nini. Bodaboda wakacheka. Kibarua wa mchanga akacheka. Mtoto aliyetumwa misumari, kamasi zinamtoka, naye kacheka!

Mwanaume wangu yuko wapi?! Kwani rola inashikwa kwa ndevu?

Ile sebule nimeihangaikia mwenyewe. Ukuta ulikuwa unamenyeka kwa chini, unatoa ule unga mweupe wa chumvi, wa huku pwani mnaujua. Nimeufagia ukiwa mkavu, maana ukiuosha kwa maji chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Nyufa nimeziba, na mchanga nimetumia wa mtoni, siyo wa baharini wa kuniongezea chumvi nyingine. Rafu za jikoni nimegonga kwa mbao za paleti, nikazipiga msasa mpaka zikang'aa. Fundi alinitajia bei ya kujengea msikiti. Nimefanya kwa hela ya kubana matumizi, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti ananiuliza mwanaume wangu yuko wapi. Mbele za watu!

Na hela aliipokea. Hela yangu haikumchekesha. Kaihesabu mara mbili, kaiweka mfukoni, ndiyo akaendelea kucheka.

Nitajieni duka lingine. Pale sikanyagi tena, hata nyumba iniangukie.

---

Korosho Ghafi: Hahaha, rola na ndevu! Pole dada. Ila swali lake bado hujalijibu. Yuko wapi?

Mtoa mada: Wewe ndiye yule. Toa tepu shingoni ndiyo uje kuandika humu.

Mama Shangani: Huyo huyo! Mimi aliniuzia simenti imeganda jiwe. Nimemrudishia, ananiambia nigonge na nyundo kidogo, itakaa sawa.

Mwiko na Chepe: Samahani, kila mtu akijipakia mwenyewe, sisi mafundi watoto watakula nini? Halafu rangi ikianza kubanduka mnatupigia simu usiku, "fundi njoo mara moja". Na hela ya kurekebisha mnataka iwe ya soda.

Pweza wa Feri: Fundi nyamaza kabisa. Mwenzako kachukua kianzio cha lipu tangu watu wanapalilia mikorosho. Korosho zimeokotwa, zimeuzwa, hela imeliwa, mchanga bado umekaa uani na kuku wanautagia. Nikipiga simu anasema yuko njiani. Njia gani hiyo, anatokea Bukoba kwa miguu?

Mwiko na Chepe: Huyo siyo mimi.

Pweza wa Feri: Sijasema ni wewe. Mbona umeshtuka?

Mzee wa Mikindani: Acheni kelele. Binti, chokaa iloweke usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa. Ukuta ulowanishe kidogo kabla ya kupaka. Paka nyepesi nyepesi, mikono mitatu, na kila mkono ukauke kwanza. Vaa glovu na ulinde macho, chokaa inaunguza. Kama chini kuna rangi ya mafuta, ikwangue yote, chokaa haishiki juu yake. Majumba yetu ya zamani huku ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unapumua. Siku hizi watu wanayapiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, kisha wanalaumu bahari. Nendeni mkaangalie Boma la hapa Mikindani, Wajerumani walilijenga 1895.

Mtoa mada: Ahsante sana baba. Shikamoo. Umeona sasa, huyu hajaniuliza mwanaume wangu yuko wapi!

Lindi Ndiyo Kwetu: Nyie Mtwara kiwanda cha simenti kipo hapo Msijute, karibu mtu aende na toroli, na bado mnalia. Sisi Lindi ni kilomita 100 na ushee tu, lakini mfuko ukifika dukani unauzwa utadhani umekuja na ndege.

Korosho Ghafi: Lindi mnajenga nini? Mji una usingizi huo.

Lindi Ndiyo Kwetu: Tunajenga adabu, ambayo kwenu haifiki hata kwa meli.

Mpangaji Mnyonge: Bora nyie wote. Mimi chumba cha kupanga nimekipaka rangi kwa hela yangu, sakafu nimepiga niru ya saruji ikawa laini, madirisha nimeweka wavu wa mbu. Mwenye nyumba kaja, kakaa, kanywa chai yangu, kasifia "kijana una mikono". Ametoka mlangoni tu, kapandisha kodi. Anasema chumba sasa ni cha kisasa!

Mama Shangani: Weeee! Bandua wavu uondoke nao.

Pweza wa Feri: Na niru ikwangue. Muachie mashimo yake aliyokupa.

Mzee wa Mikindani: Mlikuwa mmeandikishana? Kabla ya kugusa nyumba ya mtu, gharama inaandikwa ikatwe kwenye kodi, wote mnatia sahihi.

Mpangaji Mnyonge: Tulikubaliana kwa mdomo tu, mzee wangu.

Mwiko na Chepe: Niru hiyo ulipiga mwenyewe? Haijapasuka?

Mpangaji Mnyonge: Haijapasuka, niliimwagia maji asubuhi na jioni wiki nzima.

Mtoa mada: Jamani, mimi nimedhalilishwa LEO! Kasema mwanaume wako yuko wapi, mbele za watu, na mtoto wa kamasi kacheka!

Mama Shangani: Dada subiri kidogo, tumekusikia. Mpangaji, huyo mwenye nyumba ni yule wa baiskeli nyekundu?

Mpangaji Mnyonge: Simtaji. Lakini ndiyo.

Mama Shangani: Nilijua! Na mimi kodi yangu ya miezi kadhaa amekaa nayo!

Korosho Ghafi: Hicho chumba kiko mtaa gani? Natafuta.

Mpangaji Mnyonge: Chuno. Sijahama bado.

Korosho Ghafi: Choo ni cha ndani?