Eti "mpige teke"! Huyu mtu aache kushauri wafugaji

Wadau, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mtu kauliza kistaarabu: jogoo anamrukia kila akiingia bandani, afanyeje? Bingwa wenu kajibu: "Mpige teke. Kama unaogopa kuku, fuga samaki." Mpige teke!

Jogoo akishusha ubawa mmoja na kukuzunguka kiubavuubavu kwa hatua fupi, ameshakuhesabu kuwa jogoo mwenzake. Ukimpiga teke umekubali pambano, na kesho atarudi na hasira za ukoo mzima. Ukikimbia nako ameshinda, na mshindi hurudia. Simama, usimpe mgongo. Shika karai au ubao mbele ya miguu, msogelee polepole mpaka yeye ndiye ageuke. Akizidi, mkamate usiku, gizani haoni vizuri. Mbane kwapani mabawa yote mawili, na usimweke chini mpaka atulie kabisa. Ukimwachia bado anapapatika, amejifunza kwamba kupapatika kunamwokoa.

Teke! Wewe umebaki na mguu mmoja chini, yeye anakuja na vipi viwili, ile miiba ya miguuni!

PoraMkaidi: Povu lote hili kwa ajili ya teke? Sema tu jogoo kakushinda.

BandaKubwa: Povu lina haki. Ila hamjagusa vipi. Punguza ncha tu kwa tupa, milimita chache. Ndani kuna mfupa wenye damu, ukikata karibu na mguu itamwagika. Ikitoka, kandamiza na wanga wa mahindi. Ukichomwa wewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na uulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mama Vifaranga: Mnahangaika na jogoo, kosa ni hesabu. Watu wanaweka majogoo wawili kwa tetea sita, halafu wanashangaa vita! Jogoo mmoja anatosha tetea 8 hadi 12. Wakipungua, anawapanda mpaka migongo inabaki ngozi tupu. Na kama unataka mayai ya kula tu, jogoo wa nini? Tetea hutaga bila yeye.

Mwenye uzi: Sawa mama, lakini MPIGE TEKE? Kwenye nyumba yenye watoto? Akiruka anafika usoni kwa mtoto, penye macho! Jogoo wa hivyo mtoto asimkaribie, na akiendelea achinjwe. Mayai ya tetea aliowapanda yasiatamiwe, ukali hurithiwa.

PoraMkaidi: Hapo umesema. Akiwa amekomaa achemshwe muda mrefu, moto mdogo, nyama imekaza hiyo.

Kiota Kitupu: Ninyi mnalilia jogoo! Kero yenyewe ni kuku wanaokula mayai yao. Na huyohuyo mshauri wenu kasema wakatwe midomo!

BandaKubwa: Haa! Waokotee mayai mara mbili au tatu kwa siku, kiota kiwe na giza na matandiko mengi yai lisipasuke. Ganda likiwa jepesi, wape maganda ya mayai.

Kiota Kitupu: Yakaushwe na kusagwa, tafadhali! Ukiwatupia nusu ganda unawafundisha wizi mwenyewe.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa teke.

Mama Vifaranga: Kiota kimoja kwa tetea wanne au watano, Kiota Kitupu. Wakisongamana mayai yanapasuka, wanaonja, basi. Vipo vingapi bandani?