Eneo la uso wa pia: kwa nini mshazari na si kimo?

Swali: Nina pia (umbo lenye kitako cha duara na ncha moja) yenye nusu kipenyo cha sentimita 6 na kimo cha sentimita 8. Naomba kufafanuliwa kwa nini eneo la ubavu wake hupatikana kwa π × nusu kipenyo × mshazari (urefu wa ubavu kutoka ukingo wa kitako hadi kwenye ncha), ilhali kwenye mcheduara (umbo kama mkebe) tunatumia kimo.

Jibu la 1: Tengeneza pia ya karatasi, uikate kwa mstari ulionyooka kutoka kitakoni hadi kwenye ncha, kisha uikunjue. Utapata kipande cha duara ambacho nusu kipenyo chake ni mshazari, kwa kuwa kila nukta ya ukingo wa kitako iko umbali huo huo kutoka kwenye ncha. Kwa kanuni ya Pythagoras mshazari ni 10; tao la kipande hicho ni mzingo wa kitako, yaani 12π; na eneo lake ni nusu ya 12π × 10, yaani 60π. Kimo hupita ndani ya pia. Kwenye mcheduara ubavu umesimama wima, hivyo urefu wake ndio kimo chenyewe.

Jibu la 2: Ukijumlisha kitako, 36π, jumla ni 96π, takriban sentimita za mraba 301.6.

Jibu la 3: Ni kweli, ila kitako kihesabiwe pale tu kinapoonekana. Nusu tufe (nusu ya umbo la mpira) yenye nusu kipenyo hicho hicho ikibandikwa juu ya kitako hicho, duara la 36π hufichika kabisa, na uso wa nje unakuwa 60π za ubavu + 72π za uso uliopinda wa nusu tufe, yaani 132π. Watahini hupenda sana mtego huu.