Naomba ushauri: kupiga picha bikoni (jiwe la alama) ya mpaka wa Kenya na Somalia, upande wa Kiunga

Habari zenu wanajamvi. Niko Lamu, na napenda kupiga picha mawe ya mpaka ya zamani. Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi nimeshaipiga, ila ile ni alama ya Wareno, haigawi nchi. Ninayoitaka hasa ni bikoni namba 29, ya mwisho kabla ya bahari, karibu na Ras Kiamboni. Uingereza iliiachia Italia Jubaland, ambayo leo iko Somalia, mpaka ukapimwa, makubaliano yakatiwa saini 1927. Ndiyo bikoni hiyo hiyo iliyotajwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2021 kwenye kesi ya bahari baina ya Kenya na Somalia.

Sasa kibali naanzia kwa nani: chifu, kamishna wa kaunti au jeshi? Mtu na kamera mpakani hachelewi kuitwa jasusi. Droni hata sifikirii.

Pia, maandishi yaliyoliwa na hewa ya chumvi mnayapigaje yakasomeka? Nimeambiwa nipake chaki. Sitaki kuligusa jiwe. Nafikiria kumulika tochi kwa ubavuni, wakati wa magharibi. Aliyewahi kufika anijuze, hata kama ni kuniambia nisiende.