Kwa nini kidole gumba husemwa kiko upande wa nje?

Swali: Habari zenu. Ninasomea uuguzi, mwaka wa kwanza. Nikisimama kwa kawaida, kidole gumba changu huelekea mbele, ilhali tunafundishwa kwamba kiko upande wa nje wa mkono. Ninakosea wapi?

Jibu la 1: Mwenzangu, maelekezo yote huanzia kwenye mkao wa kianatomia, yaani mtu amesimama wima, uso umetazama mbele, mikono imening'inia na viganja vimegeuzwa mbele. Geuza vyako sasa hivi: gumba litakwenda nje, na kidole cha mwisho kitakaribia paja.

Jibu la 2: Zingatia pia, tena sana, kwamba kulia ni kulia kwa mgonjwa, kwa hiyo ini lake, ukimtazama uso kwa uso, liko upande wako wa kushoto.

Muulizaji: Nimegeuza viganja, nimeelewa. Je, akilala, goti bado liko chini ya nyonga?

Jibu la 1: Ndiyo, hata akilala.