Ushauri: Nyumba iko hatua ya lipu, nataka TV, intaneti na taa viwe mfumo mmoja. Niachane na antena?

Mjenzi wa Kibaha
Habari zenu wakuu.

Wiki ijayo naanza kupiga lipu nyumba yangu hapa Kibaha. Ina vyumba vitatu, sebule, jiko, na chumba cha nje cha baba yangu ambaye namhamishia kwangu kutoka kijijini. Fundi umeme amenishauri nisipoteze hela kwenye antena wala king'amuzi, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni intaneti. Anataka niweke faiba (intaneti ya waya), TV janja mbili, taa za kuwasha kwa simu, kamera nne na kengele ya getini yenye kamera, vyote vionekane kwenye TV. Mtu akigonga namwona nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Kusema kweli nimeipenda. Ila mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza ni bando. Hapa tulipopanga natumia ruta ya laini. Juzi nimeamka saa tisa usiku kunywa maji, nakuta mwanangu kalala kwenye mkeka na TV inaruka yenyewe kutoka katuni moja hadi nyingine. Bando la mwezi lilikata tarehe 9.

La pili ni baba. Ana miaka 74. Alipokuja kututembelea, saa mbili kasoro usiku akachukua rimoti atafute taarifa ya habari. Rimoti yetu haina namba. Nilimwona kidole gumba kinapapasa mahali ambapo namba zingekuwepo, akabonyeza kitufe cha katikati, ukaja ukurasa umejaa picha za filamu. Akairudisha rimoti mezani taratibu, akasema, "Basi mwanangu, nitasikiliza redio." Iliniuma sana.

Naombeni ushauri kabla ukuta haujafungwa. Natanguliza shukrani.

Dogo Mtandao
Faiba tu mkuu. King'amuzi ni kulipia kila mwezi chaneli ambazo hutazami.

FundiWaya
Hongera kwa ujenzi mkuu. Umeuliza wakati mzuri, maana baada ya lipu kila kosa ni tindo na nyundo.

Pitisha paipu sasa hivi kutoka pale faiba itakapoingilia hadi nyuma ya kila TV, hadi chumba cha mzee, na hadi kila kona itakayokaa kamera ya nje. Ndani yake vuta kebo ya mtandao, Cat 6 inatosha. TV na kamera zikae kwenye kebo, waifai uziachie simu. Masafa ya waifai ya GHz 5 yana kasi lakini tofali linayapunguza nguvu haraka. Yale ya GHz 2.4 yanapenya zaidi, ila ndiyo majirani wote wamejazana humo, na balbu nyingi za kuwasha kwa simu zinakubali hayo ya 2.4 peke yake.

Sasa sikiliza hili, maana wengi wanalijua wakiwa wameshachelewa. Mafundi wetu wengi hushusha kwenye swichi waya wa moto na ule unaorudi kwenye taa, basi. Nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, inabaki juu darini. Swichi janja nyingi zinadai nyutro. Mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi, na maboksi yenyewe yawe na kina, kwa sababu swichi hizo ni nene. Hata kama hununui mwaka huu, waya uwepo.

Na ukifika wakati wa kununua, nunua swichi, usinunue balbu janja. Balbu ukiizima ukutani haina umeme tena, simu haiioni. Mzee atazima ukutani, na ana haki yake. Swichi janja anaibonyeza kama alivyozoea, na wewe unaiwasha kwa simu ukiwa njiani.

MamaKulthum
Mdogo wangu, hilo la bando lina dawa. Ingia kwenye akaunti yako ya Netflix kupitia kivinjari, utaona sehemu ya kuchagua matumizi ya data. Wenyewe wanasema HD, yaani picha safi, inakula hadi GB 3 kwa saa, na 4K, iliyo safi zaidi, hadi GB 7. Kiwango cha kati ni kama GB 0.7. Watoto wakitazama masaa manne kila siku kwa HD, hiyo ni GB 12 kwa siku, GB 360 kwa mwezi. Ruta ya laini utailisha kwa mshahara wa nani? Hapo hapo zima ile ya kuendelea na kipindi kinachofuata yenyewe. YouTube nayo ina swichi yake.

Lakini nimeandika hasa kwa ajili ya hizo kamera. Kabla sijaolewa nilifanya kazi za ndani. Siku moja nafuta vumbi juu ya kabati la sebuleni, nikakuta kamera ndogo imetulia nyuma ya vyombo. Hakuna aliyeniambia. Tangu siku ile sikuweza hata kufungua kilemba changu nikiwa peke yangu mule ndani. Kamera za nje weka. Za ndani, kama lazima, dada anayewasaidia ajue iko wapi na inatazama nini, na aambiwe siku ya kwanza.

Kijana wa Tabata
Dogo Mtandao, sikubaliani nawe kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ulikuwa wapi? Kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua. Kwangu nilikuwa nimeshaondoa king'amuzi. TV ya inchi 55 ukutani, naangalia alama ya kuzunguka. Kibaya zaidi, taa ya barazani ilikataa amri ya simu wakati simu na taa ziko kwenye ruta ile ile, hatua kumi kati yao. Amri ilikuwa inapitia seva ya mwenye taa, nje ya nchi, ndipo irudi barazani kwangu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji akate intaneti pale dukani, aache waifai, halafu awashe taa kwa simu. Ikikataa, acha. Vifaa vyenye nembo ya Matter, mfumo uliotoka mwaka 2022, vimeundwa viongozwe humo humo ndani ya nyumba. Anzia hapo.

Antena usiiondoe. Inapokea matangazo bila bando. Umeme ukikatika, betri ndogo ya ruta haishiki TV, lakini inafanya intaneti na simu ziendelee, hivyo inunue pia.

Shangazi wa Makorora
Wazee wetu walishahamishwa mara moja. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, wakanunua ving'amuzi, wakajifunza rimoti mpya, wakazoea. Usimhamishe baba yako tena bila sababu. Chumbani kwake weka TV ya kawaida, king'amuzi na rimoti yenye namba. Hii ya sebuleni, fungua mipangilio utafute HDMI-CEC, inayofanya TV na king'amuzi viamrishane kupitia waya wa HDMI, uiwashe. King'amuzi kikiikubali, mzee akikiwasha kwa rimoti yake TV inaamka na kwenda moja kwa moja kwenye chaneli. Ule ukurasa wa filamu hatauona.

Bin Seif, Muscat
Assalaam alaykum. Mimi natazama geti la mama yangu Tanga kutoka huku, kwa hiyo sipingi kamera. Ila badilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rekoda nyingi mno duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Picha zihifadhiwe kwenye rekoda iliyo ndani ya nyumba yako, zisitegemee seva ya mtu.

TV nayo ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza maswali mengi, na watu wanabonyeza kukubali haraka wafike kwenye mpira. Soma. Baadhi zinatambua kinachoonyeshwa kwenye kioo na kupeleka taarifa kwa kampuni. Kampuni ya TV ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kufanya hivyo bila idhini ya wateja. Kataa, TV itaendelea kufanya kazi.

Mjenzi wa Kibaha
Mungu awabariki. Nimekaa na mke wangu tumesoma yote. Antena inabaki, mlingoti nausimika upande wa chumba cha baba. Kamera ni mbili tu, zote nje. Nyutro inashuka kila boksi, nimeshamwambia fundi, kanuna kidogo lakini kakubali.

FundiWaya, swali moja: kebo ya mtandao ipite paipu moja na ya umeme kuokoa kuchimba?

FundiWaya
Hapana mkuu. Paipu yake peke yake, mbali na ya umeme, shibiri moja au zaidi. Zikibidi kukutana, zikatane kama msalaba, zisiongozane. Na acha kamba ndani ya kila paipu kwa ajili ya kuvutia waya wa baadaye.

Mjenzi wa Kibaha
Nimekupata. Kesho saa moja asubuhi nipo saiti na kamba.