Tupeane uzoefu: Sanaa na utamaduni wa Lamu, ulionja nini ulipokaa kisiwani?

Tanga la Miyaa (mwanzilishi wa mada)

Salaam wapendwa. Watu wengi wakirudi kutoka Lamu hunionyesha picha zilezile: punda, mlango, jua linazama. Ukiwauliza nani alichonga ule mlango, au walisikia nyimbo gani, hawana la kusema. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu bado wanaishi humo, wanaozesha, wanachonga, wanashona, wanasoma Maulidi. Mimi naamini kisiwa kidogo kama kile huwezi kukionja kwa kukimbizana na ratiba. Anayefaidi ni yule anayekaa kitako.

Kwa hiyo tusipeane majina ya hoteli hapa. Tuambie kitu kimoja ulichokiona kwa karibu, nani alikukaribisha, na mwingine afanyeje ili naye akione.

Naanza. Mtu akifika, namshauri apite kwanza mtaa wa Mkomani kwenye ile nyumba ya zamani iliyofanywa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Ni ndogo, na hapo ndipo macho yanapofunguka. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na mlinzi aliyenitembeza alinielekeza niangalie dari: boriti za mikoko. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, na boriti haziendi sana zaidi ya hatua tatu za mtu. Ukishalijua hilo, unaielewa kila nyumba ya mawe mjini. Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka, safu kwa safu, zimechongwa kwenye chokaa, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyozidi kuwa nyingi na za kupendeza, kwa sababu ndani ndiko kwa wenyewe. Nilipotoka nilizitazama barza za nje kwa jicho jingine kabisa. Barza ndipo mgeni anapoishia mpaka aambiwe karibu.

Haya, leteni yenu.

Mpenda Nakshi

Asante kwa mada hii. Mimi ni seremala, niko bara, na nilikwenda Lamu kwa ajili ya milango tu. Kuna karakana kadhaa za mafundi wa kuchonga, ukitembea utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Nilimsalimia mzee mmoja, nikamwambia, "Shikamoo fundi, nami ni mtu wa mbao." Akaniitikia, akasogeza kigoda, na asubuhi yote ikapita.

Alikuwa anachonga mfaa, ule mti unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango. Ubao ni mbambakofi, mgumu, unamshinda mtu asiyenoa patasi zake vizuri. Nilichokiona na ambacho sitakisahau: hachongi ua lote mara moja. Anapita ubao mzima akikata mistari ya wima tu, anarudi mwanzo akikata ya mlalo, kisha anarudi tena kutoa vijipande. Kila mzunguko patasi ni ile ile na mkono una mwendo ule ule. Ndiyo maana ua la kwanza na la mwisho yanafanana kana kwamba yamepigwa muhuri. Kijana wake alikuwa pembeni anapiga msasa, hajaruhusiwa patasi bado.

Aliponiuliza kama namjua Muhamadi Kijumwa, nikasema nimesikia. Akaniambia nisimtaje kama mchongaji tu. Kijumwa alizaliwa Lamu katikati ya karne ya 19 akafa 1945, na alikuwa mchongaji, mshairi, mwandishi wa khati nzuri na mpigaji wa ala. Aliwanakilia tenzi wataalamu wa Kizungu waliokuwa wakikusanya maandishi ya Kiswahili, na baadhi ya tunayosoma leo tunayasoma kwa sababu ya mkono wake. Kwa yule mzee, kuchonga na kutunga shairi ni kazi ya namna moja: mizani ikikosea, jicho linaona au sikio linasikia.

Ushauri wangu: nunua kitu, hata kisanduku kidogo. Umekaa kwenye kazi ya mtu asubuhi nzima, usitoke mikono mitupu. Na usibishane bei mpaka umchoshe. Amekwisha kukuonyesha kazi iliyomo.

Mtoto wa Mvita

Mimi kila nikijaliwa naenda Maulidi. Wengi mnayajua kwa jina, ila wengine mnadhani ni maonyesho. Ni ibada na furaha ya mji mzima, kitovu chake ni msikiti wa Riyadha kule mtaa wa Langoni, ulioanzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetokea Ngazija akaifanya Lamu makao yake. Alifundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, na Maulidi yake yalisomwa kwa matari. Wapo waliompinga kwa hilo. Leo watu wanatoka Mombasa, Malindi, Unguja, Tanzania bara na Komoro kuja kuyasikia matari hayohayo.

Usiku wa matari ndio wangu. Vijana wamepanga safu mbili wakielekeana, kanzu nyeupe na kofia, wamepiga magoti. Wanaanza polepole, mabega yanayumba pamoja kushoto na kulia. Tari linapigwa kwa vidole kwanza, halafu kiganja. Mwenye kuongoza qasida akipandisha sauti, safu yote inapanda naye, na ngozi za matari zikilegea kwa unyevu wa bahari yupo mtu kazi yake ni kuzipasha moto zikaze tena. Mzee mmoja kando yangu alikuwa ameshika qasida zote kwa moyo, midomo inacheza bila sauti, machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Mchana ni mambo ya kuchangamsha mji: mbio za punda ufukoni mwa mji, mashindano ya mashua, kuogelea, bao pale Mkunguni mbele ya ngome, kirumbizi cha fimbo kwa zumari na ngoma. Siku ya mwisho ni ziara kaburini kwa Habib Swaleh, kisha zefe, yaani maandamano, inapita mjini. Mkiona watu wametulia barazani baada ya zefe, nao wakawapa kahawa chungu na halwa, kaeni. Hapo ndipo utakapohadithiwa.

Sindano na Uzi

Hamjaitaja kofia! Nenda mjini saa za alasiri utaona wanaume wamekaa barazani wana kitambaa cheupe mkononi na sindano. Hawa wanashona kofia za vito. Mchoro unachorwa kwanza, halafu vitundu vinatobolewa kimoja kimoja na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono mpaka kikaze. Kofia moja nzuri inachukua miezi. Mshonaji mmoja aliniwekea mbili mkononi nifumbe macho: ya mashine ni laini tu, ya mkono unapapasa vito kwa kidole na kila kimoja kimesimama.

Sasa bei. Ya mkono ni ghali, na inastahili kuwa ghali. Inaniuma kuona kofia za mashine kutoka nje zimetandazwa karibu kabisa na hawa mabwana na mgeni anazichukua akidhani amepata ya Lamu. Uliza, "Hii imeshonwa na nani?" Anayeuza ya kweli atakutajia mtu na mtaa.

BintiAmu

Karibuni Amu nyote. Nimezaliwa hapa, na nimefurahi kuona mnausema mji wetu kwa heshima. Niwaongezee upande wa wanawake, maana hamjaugusa.

Kuna vugo. Ni ngoma ya wanawake, ya harusi. Kila mmoja ana pembe ya ng'ombe mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, anaigonga huku akiimba. Bibi yangu alinifundisha kuwa pembe ina sauti mbili, ukigonga karibu na ncha si sawa na ukigonga karibu na mdomo, na anayeijua hugonga zote mbili katika ubeti mmoja. Nyimbo zenyewe nyingi hutungwa kwa ajili ya harusi ile ile: kumsifu bibi harusi, kumuusia, kumpiga mafumbo mtu anayejijua. Ukiwa mgeni huelewi fumbo, lakini utaona wanawake wanacheka wakiangalia upande mmoja.

Dada zangu mnaokuja, mkifanya urafiki na akina mama wa mtaani mnaweza kualikwa. Mtakapoalikwa, simu ibaki ndani ya mkoba. Wanawake humo wamevua buibui, wamejipamba, wametiwa hina na piko, na wako huru kwa sababu wanajua hakuna picha. Mwaka fulani mgeni alirekodi na video ikasambaa. Mama mmoja aliyekuwa mwimbaji hodari hajaimba tena mbele ya mtu asiyemjua. Sisi tulioishi na sauti ile tunajua kilichopotea.

Na barabarani vilevile, mtu mzima muombe ruhusa kabla ya kumpiga picha, mpe salamu kwanza. Akikataa mshukuru.

Tanga la Miyaa

BintiAmu, dada, Mungu akubariki. Nawaomba wote warudie kusoma ulichoandika kabla ya kupanda boti.

Kalafati

Kwa wenye muda: Matondoni. Ni kijiji upande wa pili wa kisiwa, unaweza kwenda kwa mashua au kwa miguu na mwenyeji. Huko vyombo vinaundwa ufukweni bila mchoro wa karatasi. Fundi anaweka mkuku, ule mti wa chini kabisa, anasimamisha mataruma, zile mbavu za chombo, anapima kwa macho na kamba. Mimi niliikuta kazi ya kalfati: pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta, inagongwa katikati ya mbao kwa chuma na nyundo. Niliruhusiwa kugonga kipande kidogo, na fundi akapita nyuma yangu kukirudia chote, taratibu, akinieleza pamba ikiwa legevu maji yanaingia, ikizidi inasukuma ubao.

Angalieni pia jicho la chombo, ule mduara uliochorwa pande zote mbili za omo, yaani mbele ya chombo, mara nyingi una mwezi na nyota. Kila jicho lina mkono wa mtu wake.

Fundi hawa hawajagandia kwenye mbao pia. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa ndara za rangi rangi, lilizinduliwa hapa Lamu 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Waliolichonga ni watu wa ufundi huuhuu wa jahazi.

Na kwenye mashindano, tazama vijana wanaotoka nje juu ya ubao kulinganisha chombo tanga likijaa upepo. Ukiwa kando ya nahodha utasikia amri zake kabla hujaona mtu amesogea.

Mgeni wa Bara

Nauliza tu, mimi si Muislamu. Naruhusiwa kwenda Maulidi? Na ni mwezi gani, nataka kuomba likizo.

Mtoto wa Mvita

Karibu sana, ndugu. Mashindano, ngoma na zefe ni za kila mtu. Kwenye kisomo cha Riyadha uliza wenyeji, watakuonyesha pa kukaa. Vaa nguo za heshima, wanawake wafunike kichwa na mabega. Pombe usije nayo mtaani.

Tarehe inafuata mwezi wa Kiislamu, Mfungo Sita, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Sherehe za Lamu huangukia mwishoni mwa mwezi huo. Usikate likizo kabla ya kumpigia simu mwenyeji akuthibitishie, na weka nafasi ya kulala mapema, maana siku hizo mji hujaa mpaka watu wanalala madarini.

BintiAmu

Na ukipata wa kukualika nyumbani kwake wakati huo, usikatae mkate wa mofa.